Kilicho Nyuma ya Nukta

Tulipeleka vishikwambi arobaini kisiwani Kome,
kila kimoja na namba ya rangi nyeupe mgongoni
na fomu ya mzazi, sahihi au dole gumba.
Mradi ulikuwa na jina refu la kuombea fedha;
sisi wasaidizi tuliuita Mradi, basi.
Swali lake lilikuwa fupi: mtoto wa darasa la tano
akipewa mwalimu wa kioo, hesabu zitapanda?

Kazi yangu ilikuwa kusoma nyayo.
Chumba cha tatu, ghorofa ya pili, dirisha linatazama
mawe ya Mwanza yaliyobebana kama mizigo ya msafiri,
na mbele yangu kompyuta inanisimulia nani amefungua nini,
saa ngapi, kwa dakika ngapi, akaachia wapi.
Thelathini na tisa walikuwa watoto wa kawaida:
wanaanza na hesabu, wanaishia kwenye picha za wanyama,
saa tatu usiku kimya.

Namba kumi na saba hailali.
Saa nane usiku, Somo la Desimali.
Saa tisa kasorobo, Somo la Desimali.
Sehemu ileile, dakika ya nne, inarudishwa nyuma, inarudishwa,
kama mtu anayetafuta sindano mchangani.
Kisha siku kumi, hakuna kitu.
Kisha tena.

Dakta Kajuna aliinamia grafu, miwani ikamteleza puani.
"Hizi ni kelele," alisema. "Betri, au saa ya mashine imekosea.
Zisafishe."
Kusafisha data ni kazi ya heshima chuoni kwetu:
unafuta kisichofanana na wenzake,
jedwali linapumua.
Lakini mimi nimezaliwa Igombe, nyuma ya vichanja vya dagaa.
Niliitazama ile grafu nikaujua mwezi:
iliposhuka, ulikuwa mpevu;
ilipopanda, lilikuwa giza, na taa ziko majini.

Nikavuka kutoka Nyakaliro kwa kivuko cha asubuhi.
Kwenye fomu, namba kumi na saba ilikuwa ya Misana.
Misana alicheka, akanielekeza ufukweni kwa kidevu.
Mama yake, Nyanjige, alikuwa akigeuza dagaa kwa fagio,
kitenge kifuani. Hakusimama.
"Usiku nangoja mitumbwi. Kukaa bure kubaya.
Yule mwanamke wa humo ndani hachoki kuulizwa."
Akanipa habari za mnunuzi wa kutoka Kirumba
na mzani wake wa tarakimu nyekundu:
umeandika kumi na mbili nukta nane, yeye anasoma kumi na mbili.
"Miaka sita namwuliza, na hicho cha nyuma?
Anasema hicho, mama, ni upepo."
Akageuza safu nyingine.
"Jumamosi nilimwambia upepo wangu una bei."

Niliporudi nilitafuta pa kumwandika.
Umri wa mwanafunzi. Darasa. Jinsia. Alama kabla. Alama baada.
Matokeo yenyewe yalitoka mwezi wa nne:
watoto wamepanda kwa sifuri nukta nane.
Dakta akavua miwani.
"Hiyo si kitu. Tuandike hakuna mabadiliko."
Nikamsikia mnunuzi wa Kirumba.

Juni fedha zikaisha. Barua ikataka vishikwambi vyote virudi,
vifutwe, vihesabiwe, vifungiwe stoo.
Nilirudi na thelathini na tisa kwenye boksi la sabuni.
Kwenye fomu ya upotevu niliandika:
namba 17, kilianguka ziwani, kina kirefu, hakikupatikana.
Nikatia sahihi. Mkono haukutetemeka,
jambo lililonishangaza.

Siku hizi nawahi ofisini kabla ya Dakta,
hasa majira ya giza.
Nawasha kompyuta, nafuta mstari mmoja, nachemsha chai.
Kilichozama kimeamka tena saa nane usiku.
Desimali ameshamaliza.
Yuko kwenye Asilimia, dakika ya nne,
anarudisha nyuma.